Nasaba ya matajiri wa Liverpool: Jinsi ya kufuatilia ukoo wa wafanyabiashara wa Uingereza katika karne ya 19

KATIKA bustani ya Sefton Park, jijini Liverpool, Uingereza, kuna sanamu ya mtu aitwaye William Rathbone. Katika bustani nyingine ya jiji hilo hilo, St John's Gardens, kuna sanamu ya mtu mwingine ambaye pia anaitwa William Rathbone.

Mgeni anayezitazama sanamu hizo bila kuwa na habari zaidi atadhani ni mtu mmoja aliyeheshimiwa mara mbili. Kumbe mmoja ni baba na mwingine ni mwanawe. Tena, kabla yao walikuwepo akina William wengine wanne, kila mmoja mtoto wa mwenzake.

Huo ndio mtego wa kwanza unaomsubiri yeyote anayetaka kuchimbua nasaba ya familia ya wafanyabiashara wa Kiingereza. Majina hurudiwa, makampuni hubadilika, dini huhamwa na wanawake hupotea katika maandishi pindi wanapoolewa.

Hata hivyo, Waingereza wa karne ya 19 waliacha karatasi nyingi kuliko mataifa mengi ya wakati huo. Anayejua ni karatasi gani ya kutafuta, na ni kosa gani limejificha ndani yake, anaweza kufuata ukoo mmoja kwa zaidi ya miaka 200. Makala haya yanatumia ukoo wa Rathbone kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini bado ina uzito hadi leo.

Kutoka kwa msumeno hadi marobota ya pamba

Ukoo wa Rathbone ulianzia kijiji cha Gawsworth, jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. William wa kwanza alizaliwa mwaka wa 1669 na kufariki mwaka wa 1739.

Mwanawe, William wa pili (1696-1746), alikuwa mpasua mbao aliyehamia Liverpool mji huo ulipokuwa ukianza kupanuka. Kampuni ya fedha ya Rathbones, ambayo ingali inafanya kazi nchini Uingereza, huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka wa 1742, wakati familia ilipokuwa ikiuza mbao.

William wa tatu (1726-1789) aliigeuza biashara hiyo kuwa ya meli na bidhaa za ng'ambo. William wa nne (1757-1809) aliingia katika pamba kutoka Marekani.

Simulizi mashuhuri ya Liverpool husema kwamba mwaka wa 1784 marobota manane ya pamba yaliyoletwa kwa kampuni hiyo yalizuiliwa na maafisa wa forodha, ambao hawakuamini kwamba Marekani ingeweza kuzalisha pamba yote hiyo. Simulizi kama hizo ni tamu, na kila ukoo wa matajiri unazo. Mtafiti huziandika pembeni, kisha huzipima kwa daftari za bandari kabla ya kuziingiza katika historia.

William wa tano (1787-1868) alikuwa meya wa Liverpool mwaka wa 1837. Yeye na mkewe, Elizabeth, walimsaidia Kitty Wilkinson, mwanamke maskini aliyewafulia majirani nguo na matandiko wakati wa kipindupindu cha mwaka wa 1832. Juhudi hizo zilizaa nyumba ya kwanza ya umma ya kufulia nguo jijini humo, iliyofunguliwa mwaka wa 1842.

William wa sita (1819-1902) alikuwa mbunge kuanzia mwaka wa 1868 hadi 1895, kwanza akiwakilisha Liverpool na baadaye maeneo ya Wales. Mkewe wa kwanza, Lucretia, alipokuwa mahututi mwaka wa 1859, aliuguzwa nyumbani na muuguzi aliyeitwa Mary Robinson. Baada ya msiba, William alimwajiri muuguzi huyo awahudumie maskini majumbani mwao. Akishauriana na Florence Nightingale, alijenga juu ya jaribio hilo dogo mfumo wa uuguzi wa nyumbani ulioenea kote Uingereza.

Hivyo basi, katika vizazi vitano ukoo ulitoka kwa mpasua mbao wa mkoani hadi kwa mbunge. Swali la mtafiti ni hili: tunayajuaje haya yote, na tuna hakika gani kwamba William huyu si yule?

Mama mkwe ambaye pia ni shangazi

Wanahistoria wamewapa akina William nambari, kama wafalme, ili kuwatofautisha. Wenyewe hawakuzitumia. Katika hati za wakati wao, kila mmoja ni "William Rathbone, mfanyabiashara wa Liverpool", basi.

Kwa miaka mingi baba na mwana walikuwa hai pamoja, wakiishi mji mmoja na kufanya kazi katika kampuni moja. Barua ya mwaka wa 1840 iliyotiwa saini ya William Rathbone yaweza kuwa ya baba mwenye umri wa miaka zaidi ya 50 au ya kijana wa miaka 21. Wasomaji wanaotoka katika jamii ambako mtoto hupewa jina la babu yake wanalifahamu vyema tatizo hili.

Dawa yake ni kutomkubali mtu kwa jina pekee. Kila hati hupimwa kwa mambo matatu zaidi: umri, makazi na jina la mke. Yote matatu yakikubaliana, mtafiti anaweza kusonga mbele. Moja likikataa, hana budi kusimama.

Hata jina la mke lakini laweza kudanganya. Mwaka wa 1786 William wa nne alimwoa Hannah Mary Reynolds, aliyezaliwa mwaka wa 1761. Mwaka wa 1817 Richard, mwana wa William huyo, alimwoa Hannah Mary Reynolds, aliyezaliwa mwaka wa 1798.

Mtu mwenye haraka atadhani mwandishi wa rejista alikosea, au kwamba mama amechanganywa na mke. Ukweli ni kwamba walikuwa wanawake wawili. Hannah Mary mkubwa alikuwa binti wa Richard Reynolds, tajiri wa viwanda vya chuma, kwa mkewe wa kwanza. Hannah Mary mdogo alikuwa mjukuu wa mzee huyo huyo, kupitia kwa Joseph, mtoto wa mke wa pili.

Kwa hiyo, Joseph na Hannah Mary mkubwa walichangia baba wakatofautiana mama. Binti alipoolewa na Richard, aliolewa na mtoto wa shangazi yake. Mama mkwe wake alikuwa pia shangazi yake na somo yake.

Ndoa za namna hii hazikuwa ajabu miongoni mwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Zilizuia mali isitawanyike, na ziliwapa vijana wabia wa kuaminika. Mama yake Hannah Mary mkubwa alikuwa wa ukoo wa Darby wa Coalbrookdale, mabingwa wa kuyeyusha chuma. Elizabeth, mke wa William wa tano, alikuwa binti wa Samuel Greg, mwenye kiwanda maarufu cha kusokota pamba cha Quarry Bank. Anayefuata majina ya waume peke yake huona vipande tu. Anayefuata wake huona jinsi mbao, chuma na pamba zilivyofungwa katika fundo moja.

Kabla ya mwaka wa 1837: vitabu vya kanisa

Serikali ya Uingereza ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo vya raia wote wa Uingereza na Wales tarehe 1 Julai, 1837. Kabla ya hapo, kazi hiyo ilikuwa ya makanisa.

Parokia za Kanisa la Anglikana ziliagizwa kuweka rejista za ubatizo, ndoa na mazishi tangu mwaka wa 1538, enzi ya Mfalme Henry wa Nane. Kuanzia mwaka wa 1813, sheria ilitaka rejista hizo ziandikwe katika vitabu vyenye fomu zilizopigwa chapa, na tangu hapo rekodi ya ubatizo huonyesha pia kazi ya baba na makao ya wazazi.

Tatizo ni kwamba familia nyingi za wafanyabiashara hazikuwa za Kianglikana. Akina Rathbone walikuwa waumini wa Quaker, dhehebu ambalo hapa Kenya linajulikana kama Friends na ambalo lilifika Kaimosi mwaka wa 1902 kupitia kwa wamishonari wa Kimarekani.

Quaker hawabatizi kwa maji. Anayetafuta ubatizo wa William wa nne katika vitabu vya parokia atachoka bure. Badala ya ubatizo, waliandika siku ya kuzaliwa katika rejista zao wenyewe. Baada ya mwaka wa 1837 rejista hizo zilikabidhiwa serikali, na sasa zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Kew, London.

Rejista za Quaker ni hazina, hasa za ndoa. Wote waliohudhuria arusi waliweka saini zao kwenye cheti kama mashahidi, wakiwemo jamaa wa pande zote mbili. Cheti kimoja chaweza kumpa mtafiti majina ya watu wengi kwa mpigo.

Hata hivyo, tarehe zao zinahitaji uangalifu. Quaker walikataa majina ya miezi yanayotokana na miungu ya Warumi, wakaihesabu kwa nambari. Msomaji wa Kiswahili hataona ajabu, kwa kuwa nasi husema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili na kadhalika.

Mtego uko hapa: kabla ya mwaka wa 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, na "mwezi wa kwanza" wa Quaker ulikuwa Machi. Mtoto aliyeandikwa kuzaliwa mwezi wa pili mwaka wa 1745 alizaliwa Aprili, si Februari. Kalenda ilipobadilishwa mwaka wa 1752, siku 11 zilirukwa mwezi Septemba na Januari ikawa mwezi wa kwanza. Asiyejua haya anaweza kumzika mtu kabla hajazaliwa.

Jambo jingine ni kuhama dini. William wa nne alitengwa na Quaker mwaka wa 1805 baada ya kuandika kitabu kuhusu mzozo wa waumini wa dhehebu hilo nchini Ireland. Baadaye ukoo ulisogea kwa Wayunitari, Wakristo wasiokubali fundisho la Utatu.

Kuanzia mwaka wa 1754 hadi 1837, sheria ilitambua ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana tu, isipokuwa zile za Quaker na za Wayahudi. Myunitari wa wakati huo alilazimika kwenda mbele ya kasisi wa Kianglikana ili ndoa yake ikubaliwe. Kwa hiyo, kulikuta jina katika kitabu cha ndoa cha parokia hakuthibitishi imani ya aliyeoa wala ya aliyeolewa.

Vyeti vya serikali na sensa

Baada ya Julai 1837 kazi huwa nyepesi. Cheti cha kuzaliwa hutaja baba na kazi yake, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha ndoa cha karne ya 19 hutaja baba wa bwana arusi na baba wa bibi arusi, pamoja na kazi zao. Hivyo ndivyo mtafiti anavyopanda ngazi: cheti cha mtoto humpeleka kwenye ndoa ya wazazi, na ndoa humpeleka kwa mababu.

Cheti cha kifo ni dhaifu zaidi. Tofauti na kile cha Scotland, cheti cha Uingereza cha wakati huo hakikuwataja wazazi wa marehemu. Aidha, katika miaka ya mwanzo vizazi vingi havikuandikishwa, kwani adhabu kali dhidi ya wazazi waliozembea ilianza mwaka wa 1875.

Nguzo ya pili ni sensa, iliyofanywa kila baada ya miaka kumi tangu mwaka wa 1801. Sensa ya kwanza yenye manufaa kwa mtafuta nasaba kote nchini ni ya mwaka wa 1841, kwa sababu iliandika majina ya wote.

Sensa hiyo ina kasoro zake. Umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi kwenye nambari inayogawika kwa tano, hivi kwamba mtu wa miaka 53 aliandikwa kuwa na 50. Uhusiano wa waliolala nyumba moja haukutajwa. Mwanamke anayefuata chini ya jina la mwanamume anaweza kuwa mke, dada au mjakazi.

Sensa ya mwaka wa 1851 ilirekebisha hayo. Iliandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, hali ya ndoa, umri kamili na parokia alikozaliwa. Kwa mji kama Liverpool hilo ni jambo kubwa. Wakazi wake waliongezeka kutoka takriban 80,000 mwaka wa 1801 hadi zaidi ya 370,000 mwaka wa 1851, na wengi wao walikuwa wametoka kwingine. Neno moja katika safu ya mahali pa kuzaliwa humwelekeza mtafiti kijiji cha mababu.

Fomu za sensa hufungwa kwa miaka 100. Za mwaka wa 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Za mwaka wa 1931 ziliteketea kwa moto mwaka wa 1942, na mwaka wa 1941 sensa haikufanywa kwa sababu ya vita.

Wosia, ubia na magazeti

Kinachoitofautisha familia ya wafanyabiashara na ile ya wakulima au vibarua ni mali, na mali huacha nyayo.

Hadi tarehe 11 Januari, 1858, wosia ulithibitishwa katika mahakama za kanisa. Liverpool ilikuwa chini ya dayosisi ya Chester hadi ilipopata dayosisi yake mwaka wa 1880, hivyo nyingi za wosia za zamani za mji huo hutafutwa upande wa Chester. Matajiri wenye mali katika sehemu mbalimbali za nchi walipitia mahakama kuu ya Askofu Mkuu wa Canterbury.

Kuanzia tarehe 12 Januari, 1858, kazi hiyo ilihamia kwa serikali. Kila mwaka ilichapishwa orodha ya marehemu wote waliothibitishiwa wosia, ikitaja siku ya kifo, wasimamizi wa mirathi na thamani ya mali. Kwa wengi huu ndio mlango rahisi kuliko yote.

Zaidi ya hayo, kuna rejista za kodi ya mirathi za kati ya mwaka wa 1796 na 1903. Wosia husema marehemu alitaka nini; rejista ya kodi huonyesha nani alipata nini hasa, na uhusiano wake na marehemu.

Wanawake walioolewa ni adimu katika hati hizi. Kabla ya sheria za mwaka wa 1870 na 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, mali ya mke kwa kawaida ilihesabiwa kuwa ya mume. Ndiyo maana wosia wa mjane au wa binti ambaye hakuolewa una thamani kubwa. Mara nyingi hutaja wapwa na watoto wa ndugu ambao baba zao hawakuwataja.

Biashara yenyewe ina kumbukumbu zake. Kitabu cha Gore cha majina na anwani za watu wa Liverpool, kilichoanza mwaka wa 1766, kilionyesha kila mfanyabiashara, kazi yake, ofisi yake na nyumba yake. Ukipanga matoleo yake kwa miaka, utaona familia ikihama kutoka mtaa wa bandarini hadi viungani. Akina Rathbone walihamia Greenbank, nyumba ambayo hivi leo ni ya Chuo Kikuu cha Liverpool.

Gazeti rasmi la serikali, London Gazette, lilitangaza kuvunjwa kwa ubia na kufilisika kwa makampuni. Tangazo la kuvunja ubia huorodhesha majina ya wabia wote, na aghalabu miongoni mwao yumo shemeji au mkwe ambaye hukumtarajia. Magazeti ya mjini kama Liverpool Mercury, lililoanzishwa mwaka wa 1811, yalichapisha habari za arusi na vifo.

Shajara ambayo haikuwa shajara

Barua, shajara na hesabu za ukoo wa Rathbone zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Liverpool. Karatasi za namna hii humfanya marehemu azungumze kwa kinywa chake. Wakati huo huo, zinahitaji kusomwa kwa macho mawili.

Ukoo huu wenyewe una mfano mzuri. Mwaka wa 1844 ilichapishwa shajara ya mwanamke wa tabaka la juu, Lady Willoughby, aliyedaiwa kuishi zama za Mfalme Charles wa Kwanza katika karne ya 17. Herufi na mapambo yake yaliigwa kutoka vitabu vya karne hiyo. Wasomaji kadhaa waliamini kwamba ni hati ya kale iliyofufuliwa.

Mwandishi wake alikuwa Hannah Mary Rathbone, yule mdogo, mke wa Richard. Ilikuwa riwaya. Hakuwa na nia ya kumlaghai mtu, lakini funzo limebaki: karatasi kuonekana ya zamani si ushahidi kwamba ni ya zamani.

Onyo hilo lina uzito zaidi katika zama hizi za intaneti, ambapo mti wa ukoo ulionakiliwa kwa makosa husambaa kwa maelfu bila mtu hata mmoja kufungua rejista ya asili.

Pamba ilitoka kwa nani?

Hapa ndipo nasaba inapoacha kuwa mchezo wa matajiri wastaafu na kugusa dhamiri.

William wa nne alikuwa miongoni mwa watu wachache wa Liverpool waliopinga hadharani biashara ya watumwa, pamoja na rafiki yake William Roscoe. Ilihitaji ujasiri. Mwishoni mwa karne ya 18 bandari hiyo ndiyo iliyoongoza Uingereza kwa meli za watumwa, na wengi wa majirani zake waliishi kwa faida ya biashara hiyo.

Hata hivyo, pamba iliyoitajirisha kampuni yake na ya wanawe ilitoka Marekani, ambako ilichumwa na watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka wa 1861 hadi 1865. Naye Samuel Greg, baba mkwe wa William wa tano, alimiliki shamba la watumwa katika kisiwa cha Dominica. Mti mmoja wa ukoo unabeba mpinzani wa utumwa na mmiliki wa watumwa, ukiwaunganisha kwa arusi ya mwaka wa 1812.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka wa 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fedha hizo walilipwa wamiliki; watumwa hawakupata hata senti. Chuo Kikuu cha London, tawi la University College, kimeweka majina ya waliolipwa katika hifadhidata inayosomwa bila malipo tangu mwaka wa 2013.

Humo yumo mfanyabiashara mwingine wa Liverpool, John Gladstone, baba ya waziri mkuu William Ewart Gladstone. Alilipwa zaidi ya pauni 106,000 kwa ajili ya watu 2,508. Agosti 2023, baadhi ya wazao wake walisafiri hadi Guyana kuomba radhi. Hawangekuwa na la kuombea radhi, wala mtu wa kuombwa, kama nasaba isingefuatiliwa hati kwa hati.

Tofauti inayochoma zaidi iko katika sensa. Mwaka wa 1851 karani wa Liverpool aliandika jina, umri na mahali alikozaliwa kila mjakazi aliyelala katika nyumba ya tajiri wa pamba. Mwaka mmoja kabla, sensa ya Marekani ya 1850 iliwaandika watumwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi tu. Wengi mno hawakupewa jina. Mzao wa tajiri anaweza kurudi nyuma karne tatu kwa siku chache. Mzao wa aliyeichuma pamba hugonga ukuta mwaka wa 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika watu weusi wote kwa majina baada ya ukombozi.

Kwa makoloni ya Uingereza hali ni afadhali kidogo. Rejista za watumwa za kabla ya mwaka wa 1834, ambazo ziko Kew pamoja na vitabu vya Quaker, zina majina na umri wa watu wengi. Jengo moja linatunza kumbukumbu za pande zote mbili.

Mjukuu aliyeitaja Kenya

Tawi moja la ukoo huu liligusa historia yetu. Eleanor Rathbone (1872-1946), binti wa William wa sita kwa mkewe wa pili, Emily, alichaguliwa mbunge wa kujitegemea mwaka wa 1929. Anakumbukwa Uingereza kwa kupigania posho za watoto, zilizopitishwa kuwa sheria mwaka wa 1945 na kulipwa mikononi mwa akina mama.

Desemba 1929, yeye na mbunge mwenzake, Duchess wa Atholl, waliibua bungeni suala la ukeketaji wa wanawake nchini Kenya. Wakati huo mzozo baina ya wamishonari na Wakikuyu kuhusu desturi hiyo ulikuwa umepamba moto, na ndio uliochochea kuanzishwa kwa shule huru katika eneo la kati. Mwaka wa 1930 kamati ya wabunge hao ilimsikiliza Jomo Kenyatta, aliyekuwa London kuwakilisha chama cha Kikuyu Central Association.

Wapo waliomwona Eleanor kuwa mtetezi wa wanawake na wapo waliomwona mgeni anayeingilia mila za watu. Kenya huru yenyewe iliharamisha ukeketaji kwa sheria ya mwaka wa 2011. Atakayetaka kuelewa ujasiri wa mwanamke huyo, na pia ile imani yake kwamba ana haki ya kusemea watu wa mbali, atapata jibu kiasi katika nasaba yake: vizazi vya watu waliozoea kuuliza yanayotendeka ng'ambo ya bahari, kwa sababu mkate wao ulitoka huko.

Ushauri kwa anayeanza

Anayetaka kufuatilia ukoo wa Kiingereza, uwe wake mwenyewe au wa mtu anayemchunguza, na aanze kwa aliye karibu kisha arudi nyuma. Kumchagua tajiri wa zamani mwenye jina kama lako na kumteremsha hadi kwako ni njia ya uhakika ya kupotea.

Aandike chanzo cha kila taarifa. Kila uhusiano uthibitishwe kwa hati mbili zisizotegemeana, kwa mfano cheti cha ndoa na sensa. Tovuti za FreeBMD na FamilySearch zina faharasa za bure. Orodha ya Msajili Mkuu iliyowekwa mtandaoni mwaka wa 2016 huonyesha jina la ukoo wa mama tangu mwaka wa 1837.

Ajihadhari pia na barua pepe zinazodai kwamba kuna urithi wa tajiri wa Kiingereza unaomsubiri, mradi alipe ada kwanza. Mirathi halali ya Uingereza ina kumbukumbu za wazi, na aliyesoma makala haya sasa anajua pa kuitafuta.

Mwisho, asiogope atakachokipata. Ukoo wa Rathbone umejaa wema, na ndani yake umo pia uchungu wa shamba la Dominica. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasaba inayoficha tawi lolote itabaki kuwa sifa tu, wala haitamfaa mjukuu anayetaka kujua alikotoka.